Sinema ya mwezi huu: Kicheko cha Norwei, kilio cha Kisangani

Mwezi huu tuongee juu ya sinema za watu wa kaskazini ya Ulaya. Wale wanapenda sana hadithi za wauaji na polisi, na wana tabia moja ya ajabu: wanakuonyesha kifo, kisha wanakuchekesha.

Kwa mfano Kraftidioten ya mwaka 2014. Nils ni baba mtulivu, kazi yake ni kuendesha mashini ya kusukuma theluji barabarani, mashini kubwa sawa na zile za mgodini. Muji wote unamheshimu, wamemchagua raia bora wa mwaka. Halafu mtoto wake anauawa na wauza madawa ya kulevya, na polisi wanasema kijana amejiua mwenyewe na madawa. Baba anaanza kulipiza kisasi, mmoja kwa mmoja. Kila mtu akikufa, kioo kinakuwa cheusi, jina lake linaandikwa pamoja na msalaba. Mara ya kwanza unahuzunika. Mara ya kumi unacheka, halafu unajiuliza: lakini mimi nacheka nini?

Kuna sinema nyingine ya Norwei inayotugusa sisi Wakongomani, na ile haikutoka kichwani mwa mtu. Ni Mordene i Kongo, maana yake "Mauaji katika Kongo". Marius Holst aliitoa mwaka 2018. Mwezi wa 5 mwaka 2009, Wanorwei wawili waliokuwa askari zamani, Joshua French na Tjostolv Moland, walikodi motokari na shofere pa Kisangani. Njiani shofere akapigwa risasi, akafa. Wao walisema ni majambazi. Tribinali ya kiaskari haikusadiki: tarehe 8 mwezi wa 9 iliwakatia hukumu ya kifo, ikaongeza na kosa la upelelezi.

Sasa angalieni mambo yalivyopinda. Foto moja ilizunguka dunia: Moland anaosha damu ndani ya motokari, naye anatabasamu. Mwaka 2013 alikutwa amekufa katika boloko ya Kinshasa. Polisi wa Norwei walisema amejiua. Tribinali ya huku ikasema French ndiye alimuua. Mwaka 2017 French akafunguliwa, akarudi kwao. Mtunga hadithi angeandika vile, tungesema ametia chumvi.

Kule Norwei magazeti yaliandika juu ya wale wawili miaka na miaka. Lakini sisi huku, ukisikia kilio, unauliza kwanza: nani amekufa? Ni mtoto wa nani? Na mashofere wa namna ile tunawajua, hata hapa Bukama wako. Anangoja kazi tangu asubuhi, mtu anakuja na dola mkononi, watoto nyumbani hawajakula. Atamuuliza anakwenda kufanya nini? Yule wa Kisangani aliitwa Abedi Kasongo. Katika Kraftidioten hata muuza madawa anapata jina lake na msalaba wake. Kwa hiyo mukiona Mordene i Kongo, musiangalie Wazungu wawili tu, mutafute na shofere.

Wenye masali ya video, sinema hizi mbili ni za wakubwa. Damu ni mingi. Watoto mubaki nje, hata kama muko na makuta ya kuingia.