Kwotabeki wa akiba: anastahili kuchaguliwa au ni kupoteza nafasi? (Dondoo za Nesi, sehemu ya 11)

Wakina mama, leo siongelei homa wala chanjo. Leo naongea mpira. Tena si ule wetu wa Simba na Yanga, ni huu wa Kimarekani, wa kofia ngumu na mabega ya plastiki, ambao sisi tunaoishi huku Houston watoto wetu wameudaka kama wamezaliwa nao. Wengine wamezaliwa nao kweli. Kama unaona haukuhusu, nivumilie kidogo, maana tutafika kwenye goti na kichwa cha mtoto, na hivyo vinakuhusu.

Imeanza hivi. Mama mmoja kaniandikia: "Dada nesi, mwanangu kocha kamwambia msimu huu atakuwa kwotabeki wa akiba. Baba yake anasema tumtoe, eti hakuna maana ya kulipia mtoto akasugue benchi. Wewe unaonaje?" Nikamjibu kwa kifupi, lakini lile swali halikuniacha. Kwa sababu ni swali lile lile wanaume wanalobishania kwenye runinga kila mwezi wa nne: huyu kijana wa chuo, anayeonekana hatakuwa wa kwanza, anastahili kuchaguliwa akawe sabu kwenye timu ya kulipwa?

Kwa asiyejua, nielezee haraka. Kwotabeki ndiye anayepokea mpira kwanza na kuamua: aurushe, ampe mwenzake, au akimbie nao. Anaingia uwanjani mmoja tu kwa wakati mmoja. Akiwa mzima, yule wa pili anaweza kukaa msimu mzima bila kutoa jasho kwenye mechi. Na drafti ndiyo ile siku timu 32 za NFL zinapochagua vijana kwa zamu, raundi 7. Nafasi ukiitumia kwa huyu, yule mwingine kachukuliwa na jirani. Ndo maana watu wanapiga kelele. Kwa nini umchukue wa kukaa, wakati ungeweza kumchukua wa kucheza kesho?

Mimi nasema anastahili. Na siyo raundi ya mwisho tu kama sadaka. Timu yenye kwotabeki anayeumia-umia inayo haki kabisa ya kutumia nafasi nzuri kumpata sabu wa maana. Shemeji zangu mnaosoma kwa simu za wake zenu, njooni tubishane.

Chukua Philadelphia Eagles. Kwotabeki wao alikuwa Carson Wentz, kijana mwenye kipaji hasa. Desemba 2017 kano ya goti ikakatika. Sabu wake, Nick Foles, akaingia, na Februari 2018 akawapa ubingwa, Super Bowl, 41 kwa 33 dhidi ya New England. Msimu uliofuata Wentz akaishia nje tena, safari hii uti wa mgongo, mfupa umepata ufa. Halafu tarehe 5 Januari 2020, mechi ya mtoano, kipindi cha kwanza tu, akapigwa kichwani na kutolewa kwa mtikisiko wa ubongo. Foles alishaondoka. Aliyeingia ni Josh McCown, mtu wa miaka 40, ambaye msuli wa nyuma ya paja ulichanika mechi ikiendelea, na akaendelea kucheza hivyo hivyo kwa sababu nyuma yake hakukuwa na mtu. Wakafungwa 17 kwa 9.

Hebu soma hiyo tena kama mama, usisome kama shabiki. Mtu wa miaka 40 anachechemea na paja lililochanika, kazi inamngoja, na benchi ni tupu.

Miezi mitatu baadaye, Aprili 2020, Eagles wakamchagua Jalen Hurts raundi ya pili, nambari 53. Jamani, matusi yaliyofuata! Walikuwa wamemwongezea Wentz mkataba mwaka mmoja kabla, dola milioni 128 kwa miaka minne. Sasa unamletea mwenzake wa nini? Watu wakasema mngechukua mkimbiaji wa kumsaidia, mngechukua beki, mnamvunja moyo kijana wenu. Kumbuka mkataba wa Hurts ulikuwa kama dola milioni 6 kwa hiyo miaka minne yote. Ukilinganisha, ni mtu aliyenunua gari la bei mbaya, halafu anagombezwa kwa kununua tairi la akiba.

Lakini sitaki kuwaonea waliopinga, kwa sababu kuna mahali walikuwa na haki. Wentz alicheza vibaya mno mwaka ule. Pasi 15 zilinaswa na wapinzani katika mechi 12, na Desemba akawekwa benchi. Kama ni kivuli cha Hurts kilichomvuruga, au ni majeraha, au ni timu yenyewe iliyokuwa imechoka, kila mtu ana yake. Mimi kwenye wodi nimeona vyote viwili: kuna nesi akiletewa mwenzake mzuri zamu yake inanyooka, na kuna ambaye anaanza kutazama nyuma kila dakika mpaka anakosea sindano. Kwa hiyo anayesema sabu mzuri anaweza kumtikisa wa kwanza, hasemi uongo. Nachokataa ni dawa anayoipendekeza, yaani ukae bila sabu ili wa kwanza ajisikie salama.

Mwisho wa hadithi mnaujua. Hurts akaanza Desemba 2020 na kushinda mechi yake ya kwanza dhidi ya New Orleans. Wentz akauzwa. Februari 2023 Hurts akafika fainali akafungwa na Kansas City 38 kwa 35, na Februari 2025 akarudi, timu ile ile, akawafunga 40 kwa 22 na kuchaguliwa mchezaji bora wa fainali. Mtoto wa hapa hapa pembeni yetu, Channelview, mama zangu. Baba yake alikuwa kocha wa sekondari.

Ila sitaki muishie hapo, maana ushindi wa mwisho unatudanganya. Kwamba Hurts aligeuka bingwa haithibitishi kwamba kila sabu ni bingwa aliyejificha. Wengi wanakaa benchi, wanahama timu, wanastaafu, na hakuna anayekumbuka majina yao. Hoja yangu ingesimama hata kama Hurts angebaki sabu miaka yote minne.

Kwenye wodi kuna toroli la dharura. Dawa za moyo, mipira ya hewa, mashine ya kushtua moyo. Kila zamu tunalikagua, tunasaini, tunaangalia dawa gani imekaribia kuisha muda. Zinaweza kupita wiki nyingi halijaguswa. Sijawahi kusikia mtu akisema toroli lile ni hasara, tuuze tununue viti vya wageni. Na sijawahi kusikia mtu akisema tuliweke tu pale bila kulikagua, kwa sababu siku ukilihitaji ukakuta betri imekufa, ni afadhali usingekuwa nalo, ungejua mapema kutafuta njia nyingine.

Hapo ndipo timu nyingi zinapokosea, na ndo sehemu ya pili ya jibu langu. Sabu anastahili kuchaguliwa kama utamfundisha. Kwotabeki wa kwanza ndiye anayechukua sehemu kubwa kabisa ya mazoezi ya wiki. Sabu anasimama pembeni anatazama. Kwa hiyo kijana unayemtaka kwa kazi hii si lazima awe yule mwenye mkono mrefu kuliko wote. Unataka anayejifunza kwa macho. Anayeusoma uwanja haraka, asiyepoteza mpira hovyo, na ambaye uchezaji wake unafanana kidogo na wa mwenye namba, ili akiingia timu nzima isilazimike kujifunza upya saa ile ile. Na awe na moyo wa kukaa. Huo moyo haupimwi kwa mbio za yadi 40.

Hurts alishaupimiwa chuoni. Akiwa Alabama, Januari 2018, fainali ya taifa dhidi ya Georgia, kocha akamtoa mapumziko akamwingiza mdogo wake, Tua Tagovailoa. Tua akashinda ile mechi kwenye muda wa nyongeza, 26 kwa 23, dunia nzima ikitazama. Wewe ungemwambia nini mwanao usiku ule? Mimi nadhani ningemwambia fungasha. Yeye akabaki. Desemba mwaka huo huo, ubingwa wa kanda, uwanja ule ule wa Atlanta, Georgia wale wale, Tua akaumia kifundo cha mguu na timu iko nyuma 28 kwa 21. Hurts akaingia akitokea sabu, akarusha pasi ya bao, akakimbia mwenyewe bao la pili, wakashinda 35 kwa 28. Mwezi ule ule akamaliza digrii yake. Baada ya hapo ndipo alipohamia Oklahoma kwenda kucheza kama wa kwanza. Yaani hata kuondoka aliondoka vizuri, akiwa na cheti mkononi. Hicho kipande watoto wetu hawakioni kwenye video fupi.

Kuna waliotegemea makubwa zaidi na kushushwa. Drafti ya 2025, Shedeur Sanders wa Colorado wengi walimtaja raundi ya kwanza, akangoja mpaka ya tano, nambari 144, na Cleveland waliomchukua walikuwa tayari wameshamchagua kwotabeki mwingine, Dillon Gabriel, raundi ya tatu. Wawili kwa mkupuo! Pale mimi nilikuna kichwa. Akiba ni nzuri, lakini vijana wawili wapya wakigombania makombo ya mazoezi, na kamera zote ziko kwa mmoja, unamkagua nani na unamwacha nani?

Sasa tufike kwenye jambo lililonifanya niandike. Sabu mzuri ni kitu cha afya, kabla hata hatujaongelea ushindi.

Tarehe 29 Januari 2023, San Francisco walicheza na hao hao Eagles kutafuta nafasi ya fainali. Kwotabeki wao, Brock Purdy, alikuwa ndiye kijana wa mwisho kabisa kuchaguliwa drafti ya 2022, nambari 262, na alikuwa amefika pale kwa sababu wawili waliomtangulia walishaumia. Mapema tu kano ya kiwiko ikachanika. Akaingia Josh Johnson, naye akapata mtikisiko wa ubongo. Benchi likaisha. Purdy akarudishwa uwanjani na mkono usioweza kurusha. Wakafungwa 31 kwa 7, na Machi akafanyiwa upasuaji. Mwezi wa tano mwaka huo NFL ikarudisha kanuni ya kuruhusu kwotabeki wa tatu wa dharura. Wanaume wazima, mabilioni ya dola, ilibidi waone mtu mwenye kiwiko kilichochanika akirudi kazini ndipo wabadilishe.

Na kuwa naye tu hakutoshi. Washington mwaka 2012 walimchukua Robert Griffin nambari 2, halafu raundi ya nne wakamchukua Kirk Cousins. Wakachekwa vile vile, makwotabeki wawili wa nini. Desemba Griffin akaumia goti, Cousins akaingia akasaidia kuokoa mechi, ya wiki iliyofuata akaianza na kuishinda. Sabu wamemwona kwa macho yao. Lakini Januari 2013, mtoano, goti la Griffin likagoma tena kipindi cha kwanza, wakamwacha aendelee kuchechemea mpaka kipindi cha nne lilipojikunja kabisa. Cousins yuko pale pale, mzima, kavaa kofia. Griffin akafanyiwa upasuaji mkubwa wa goti, na ile kasi yake ya mwanzo hakuirudia tena.

Kwa hiyo yule mama aliyeniuliza, jibu langu kamili ni hili. Usimtoe mtoto kwa sababu ni sabu. Nenda kaongee na kocha, umuulize maswali mawili. La kwanza: wiki nzima, mwanangu anapata zamu ngapi kuongoza mazoezi? Akikwambia hakuna, hapo baba yake ana hoja, kamtafutieni timu nyingine. La pili: yule wa kwanza akigongwa kichwa, nani anaamua atoke? Majimbo yote 50 yana sheria kuhusu watoto na mtikisiko wa ubongo, Washington ndiyo ilianza mwaka 2009, na Texas tunayo. Mtoto akidhaniwa tu kuwa amepata, anatoka, harudi siku hiyo, na harudi mpaka mtaalamu wa afya amruhusu kwa maandishi. Kocha mwenye sabu anayemwamini hapati shida kuitii hiyo sheria. Asiye naye ndiye utamsikia anasema "kapigwa kidogo tu, yuko sawa".

Dalili mnazijua, lakini nazirudia kwa wapya: kichwa kuuma, kutapika, kuyumba, kuuliza swali lile lile mara tatu, macho kukataa mwanga, usingizi usio wa kawaida, au mtoto tu hayuko kama alivyo. Akizidi kusinzia usiweze kumwamsha, akitapika mfululizo, akipata degedege, au mboni moja ikawa kubwa kuliko nyingine, hiyo ni 911, usiniandikie mimi kwanza.

Na mama wa yule kwotabeki wa kwanza, kama na wewe uko humu: mletee kijana wa huyu mwenzio maji na chungwa siku ya mazoezi. Siku mwanao akishika kichwa, huyo ndiye atakayemwezesha kukaa chini.

Sehemu ya 12, Alhamisi, narudi kwenye kikohozi cha usiku. Wale wa maswali ya pumu, nimeyaona yote.