Ramani Haikukosewa, Ni Sisi Tulioigeuza

Niliwahi kupeleka makala gazetini nikaambatanisha ramani ya al-Idrisi. Kesho yake nafungua ukurasa, nakuta wameigeuza. Majina yote ya Kiarabu yamesimama kichwa chini, miguu juu. Namuuliza mhariri, ananijibu: "Dada, ilikuwa imekosewa. Kusini ilikuwa juu."

Haikukosewa. Al-Idrisi alimaliza kazi yake mwaka 1154 huko Palermo, Sicily, kwa agizo la mfalme Roger wa Pili. Aliigawa dunia katika ramani 70, akaweka kusini juu kama walivyofanya wanajiografia wengi wa Kiislamu wa zama zake. Kaskazini kuwa juu si amri ya Mungu wala sheria ya fizikia. Ni mazoea tu.

Kinachoniudhi zaidi ni ile hadithi kwamba watu wa karne za kati walidhani dunia ni bapa kama chapati. Wapi! Al-Idrisi mwenyewe aliandika kuwa dunia ni mviringo kama tufe, na wasomi wa Ulaya nao walilijua hilo.

Chukua ramani ya Hereford, Uingereza, iliyochorwa karibu mwaka 1300 kwenye ngozi moja ya ndama. Mashariki iko juu, Yerusalemu katikati. Mtu akikwambia mchoraji alikuwa mbumbumbu, muulize: nani kasema ilichorwa ili msafiri asipotee? Ile ni simulizi ya dunia nzima: Edeni juu, safina ya Nuhu, Kristo akihukumu. Pembeni zipo herufi nne zinazounda neno la Kilatini "mors", yaani kifo.

Sisemi tuziabudu. Ramani hiyohiyo imejaza ukingo wa Afrika watu wa ajabu, wengine nyuso zao ziko vifuani. Hata majina ya Ulaya na Afrika yamebadilishana mahali! Hapo tumbane mchoraji, tena bila huruma. Lakini ili umkosoe mtu, lazima kwanza umsome kama alivyokusudia. Ukigeuza kazi yake ili ifanane na mazoea yako, hujamsahihisha, umemziba mdomo.

Na kwetu sisi hasara ni kubwa zaidi. Al-Idrisi aliandika habari za Malindi na chuma chake, na katika ramani yake pwani yetu iko juu kabisa. Aliyeishusha chini si mkoloni. Ni gazeti letu wenyewe, tena kwa nia njema.