Jibini Moja, Umri wa Aina Tano

Mlo wa kuonja ni mfululizo wa sahani ndogo ambazo mpishi mkuu huzichagua na kuzipanga mwenyewe, mteja akabaki na kazi ya kula kwa utulivu. Nchini Italia, mfano wake mashuhuri ni Osteria Francescana, mgahawa wenye meza chache uliofunguliwa na mpishi Massimo Bottura mjini Modena mwaka 1995. Una nyota tatu za Michelin, na mwaka 2016 na 2018 ulishika nafasi ya kwanza katika orodha ya migahawa 50 bora duniani. Mlo wa aina hii kwa kawaida huanza kwa vitafunio vya kuamsha hamu, vikafuatiwa na samaki, tambi, nyama na hatimaye vitamutamu, huku divai ikichaguliwa kulingana na kila sahani. Sahani inayoeleza vizuri zaidi fikra za Bottura ni ile ya jibini la Parmigiano Reggiano, linalotengenezwa katika mkoa huohuo wa Modena na mikoa jirani. Katika sahani hiyo, jibini lililokomaa kwa miezi 24 huwa laini kama keki, la miezi 30 huwa mchuzi mzito, la 36 povu, la 40 kipande chembamba kikavu, na la 50 hewa nyepesi ya kuyeyuka ulimini. Mlo wa kuonja katika mgahawa huo hugharimu mamia ya yuro kwa mtu mmoja, lakini heshima unayowapa mfugaji na mtengenezaji wa jibini ni ya haki kabisa.