Mgeni wa siku mbili: utamjuaje kabla ya kumpa ufunguo?

Fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika za 2027 zimepangwa Tanzania, Kenya na Uganda, na uwanja mpya wa Arusha uko Olmoti. Kuanzia Njiro hadi Tengeru, wenye chumba cha ziada wameanza kupiga hesabu. Ila hoteli ina mapokezi na kitabu cha wageni, wewe una meseji tu: "Nafika saa mbili usiku."

Malipo ya awali kwa simu yanasaidia kuliko wengi wanavyodhani. Laini husajiliwa kwa alama za vidole, hivyo pesa ikiingia huja na jina la mwenye laini. Mgeni akifika, lilinganishe na kitambulisho chake cha NIDA. Namba yake ina tarakimu 20, na 8 za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa. Zisipolingana na tarehe iliyo kwenye kadi, kuna jambo. Majina yakitofautiana si lazima awe tapeli, huenda kalipiwa na ndugu. Mpigie huyo ndugu palepale. Mgeni wa nje aoneshe pasipoti yenyewe, si picha yake.

Andika daftarini, mjulishe balozi au mwenyekiti. Lakini kurusha picha ya kitambulisho kwenye kundi la WhatsApp la majirani, hapana: tangu 2022 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi.

Na akikataa kuonesha kitambulisho? Ndiyo maana umwambie masharti kabla hajalipa, si akiwa mlangoni na begi.