Mbabula isilale na mtoto



Mwezi huu nilitaka kuandika habari ya chanjo, lakini kuna jambo limenishika. Juzi mwanafunzi wangu mmoja alichelewa darasani, akaniambia, "Mwalimu, mama ameanguka." Nikaenda kuona. Yule mama alikuwa na siku tisa tu tangu ajifungue. Usiku baridi ilikuwa kali, akaingiza mbabula chumbani, akafunga dirisha, akaziba hata chini ya mlango kwa kitenge ili bebe apate joto. Aliamka kichwa kinamgonga, anatapika, miguu haina nguvu. Bahati aliwahi kufungua mlango. Walipelekwa kituo cha afya, na sasa wote wawili ni wazima.

Majirani walisema, "Lakini makaa yalikuwa mekundu, hayakuwa na moshi." Ndipo hapo penye hatari. Makaa yakiwaka hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, na mtu aliyelala haisikii. Kuacha dirisha wazi kidogo hakutoshi. Mbabula ibaki nje, hata kama makaa yanakaribia kuzimika.

Sasa mtoto apate joto wapi? Kigali iko juu, mita 1,500 hivi, na huku Kagarama usiku wa mwezi wa sita na wa saba unauma kweli. Mwaka 1978 huko Bogotá, Kolombia, madaktari walikosa mashine za kutosha za kuwapasha joto watoto njiti. Wakawaweka kifuani kwa mama zao, ngozi kwa ngozi. Ikafaa, na leo hata Rwanda wanafundisha hivyo. Mvue mtoto, abaki na nepi, kofia na soksi. Mweke wima katikati ya matiti, kichwa kigeukie upande, pua iwe wazi, kisha funga kitenge, na blanketi juu. Wababa, na nyinyi mna kifua! Ukisikia usingizi, mlaze chali mahali pake.

Mtoto wa chini ya miezi miwili akikataa kunyonya, akiwa wa moto au wa baridi kuliko kawaida, au akipumua mara 60 au zaidi kwa dakika, mpeleke kituo cha afya saa hiyohiyo, hata kama ni usiku.

Habari ya chanjo itakuja mwezi ujao. Ila zile za kuzaliwa, ya kifua kikuu na ya polio, zisingoje gazeti.