Umejisamehe? Na Mahindi ya Watu Je?

Wiki hii kijana mmoja wa Kibaigwa kapost picha. Kakaa juu ya boneti, suruali nyeupe, miwani ya jua, na kapsheni ndefu kama risala ya mwenge. Eti amejisamehe. Eti amejifunza kuachilia, hatia haimjengi mtu, sasa anachagua amani. Mioyo myekundu ikamiminika. "Umenigusa kaka." "Endelea kutufundisha."

Kajisamehe nini sasa? Kapsheni haikusema. Soko zima la mahindi linajua.

Msimu uliopita alichukua magunia ya mama mmoja kwa mali kauli: gari likirudi kutoka Dar, analipa. Gari likarudi. Simu ikawa haipatikani. Mama akafunga safari mara nne kuja sokoni, kila akifika anaambiwa jamaa katoka sasa hivi, labda Morogoro. Wenye mizani walikuwa wanamwonea huruma mpaka wanamkwepa.

Mtu wa Dar anaweza kuona ni magunia tu, mbona makubwa. Dodoma mvua ni msimu mmoja, Desemba hivi mpaka Aprili. Hakuna vuli wala masika ya kukuokoa. Mahindi ya mwaka mzima yakiondoka na tapeli mwezi wa saba, unakaa mpaka mavuno ya mwakani: ada, dawa, bati la nyumba, vyote vilikuwa ndani ya yale magunia. Na hapo lumbesa haijaguswa, lile gunia lenye kilemba ambalo Wakala wa Vipimo wanalipiga vita kila msimu, mkulima anajaza kupita kilo 100 halafu analipwa la kawaida. Yaani hata kabla ya kudhulumiwa, mama alikuwa ameshapunjwa.

Halafu mdaiwa ndiye anajisamehe! Deni ni la mama, samahani kajipa yeye. Huo ni ujanja wa dalali tu, kauhamishia moyoni.

Sasa vuka barabara ya Dodoma–Morogoro, upande wa pili kuna dada anauzia madereva wa malori chai na chapati. Huyo hajapost kitu. Alipata mimba akiwa kidato cha pili, enzi zile mimba ni tiketi ya kufukuzwa shule. Aliyempa alikuwa mtu mzima na kazi yake. Sheria tangu 2016 inasema kumpa mimba mwanafunzi ni miaka 30 jela, lakini yule alihama mji, akaoa, na harusi ilikuwa na MC. Dada ndiye aliyebaki na aibu. Mpaka leo akitajiwa shule anasema, "Nilimwangusha baba." Novemba 2021 serikali ikaruhusu wasichana waliojifungua warudi darasani. Watu wakamfuata, wakamwambia hata QT ipo, jaribu. Akajibu kwamba yeye alishaharibu.

Huyo ndiye wa kuambiwa ajisamehe. Ingawa hata neno lenyewe halimkai vizuri, maana alikuwa mtoto na kosa lilikuwa la mtu mwingine. Anabeba mzigo usio na jina lake. Lakini wahamasishaji wa mitandaoni hawafiki kwenye kibanda chake, wanapaki kwa wenye maboneti.

Utasikia watetezi: mwacheni kaka wa watu, Mungu keshamsamehe. Mungu yupi huyo? Waislamu wa pale sokoni watakwambia haki ya mja inarudishwa kwa mja, au yeye mwenyewe aridhie, la sivyo toba hiyo ina pengo. Wakristo wanaye Zakayo, na Zakayo aliposhuka kwenye mti alitaja hesabu, mara nne. Hakushuka na kapsheni.

Na kama hana hela? Sawa, biashara inaanguka, lori linapata ajali, mtu anafilisika kweli. Kibaigwa hakuna mkulima aliyewahi kukataa kulipwa kidogo kidogo. Gunia moja mwezi huu, moja mwezi ujao, na simu iwe inapokelewa. Hata kwenda tu kumwambia mama usoni "nimekwama" ni mwanzo. Kuna madeni mengine mwenyewe keshazikwa, hakuna wa kumlipa wala wa kumwomba radhi. Hayo ndiyo yanayomnyima mtu usingizi, na mwenye deni la namna hiyo anastahili kweli kupumzishwa. Ila huyo huwezi kumkuta anatafuta mwanga mzuri wa picha.

Mama wa mahindi hana Insta, simu yake ni kiswaswadu. Ile posti alisomewa na mjukuu wake, neno kwa neno, mpaka kwenye mioyo myekundu. Akasikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Kwa hiyo analipa lini?"