Ufa wa Chesesi Hauzibwi kwa Rangi

Wahenga walituusia kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Usia huo ni wa kweli, lakini haumaanishi kwamba kila aliyepaka chokaa juu ya ufa ameuziba. Leo twapenda kuzungumza juu ya ufa ambao hauko ukutani, bali uko chini ya magari yetu: ufa wa chesesi, na namna unavyozibwa katika nyua na vichochoro vya miji yetu.

Ni jambo lisilofichika kwamba magari mengi yanayoingia Tanzania ni yale yaliyokwisha kutumika kwingine, hasa Japani. Yakifika hapa hupakizwa mizigo kupita kipimo na kupitishwa katika barabara za makorongo, na yale ya pwani huliwa na hewa ya chumvi. Si ajabu basi kuiona chesesi ya pikapu imepasuka nyuma ya kabini au mahali zinaposhikwa springi. Mwenye gari hana fedha za kununua chesesi nyingine. Kwa hiyo humwita fundi aje na mashine yake ya kuchomelea mpaka uani. Jioni ufa hauonekani tena, rangi nyeusi imepakwa, na kesho yake gari liko barabarani na watu ndani yake.

Wapo wasemao kwamba dawa ya jambo hili ni kuzifunga gereji zote ziitwazo bubu. Sisi hatukubaliani nao. Mafundi hao ndio wanaoyawezesha mazao kufika sokoni na wagonjwa kufika hospitali. Kuwafukuza ni kuwafanya wafanye kazi ile ile usiku, kwa kujificha zaidi. Tena, kuunga chuma kwa moto si kosa. Bodi ya gari dogo hutoka kiwandani ikiwa imeungwa kwa moto mahali maelfu.

Hata mataifa makubwa yalijifunza kazi hii kwa hasara. Mwezi Januari 1943, meli mpya ya mafuta iitwayo Schenectady, iliyoundwa kwa kuchomelewa huko Portland, Marekani, ilikatika karibu vipande viwili ikiwa imetulia gatini. Meli nyingine za wakati ule nazo zilipata nyufa. Je, dunia iliacha kuchomelea meli? La hasha! Wataalamu walichunguza chuma, wakachunguza maungio, wakabadili namna ya kuyafanya na kuyakagua. Schenectady yenyewe ilitengenezwa ikarudi kazini. Hilo ndilo somo letu: kuchomelea kusichunguzwe na yeyote ndiko kunakoua, si kuchomelea kwenyewe.

Yafaa kila mwenye gari aelewe mambo machache. Kwanza, chesesi iliyogongwa hupinda kabla haijapasuka. Fundi akiunga chuma kilichopinda, ameufunga upotovu huo ndani ya gari. Ni lazima apime kwa mshazari, kutoka kona ya mbele kushoto hadi ya nyuma kulia, na kisha kinyume chake. Vipimo hivyo viwili visipolingana gari litakwenda upande, tairi zitalika, na siku ya kufunga breki kwa ghafla dereva atajuta.

Pili, ufa hauzibwi kwa kupitisha moto juu yake. Kutu na rangi huondolewa mpaka chuma king'ae, tundu dogo hutobolewa kwenye ncha ya ufa ili usiendelee, na kingo zake huchongwa ili moto upenye mpaka ndani. Ikiwa bamba litaongezwa, ncha zake zichongwe ziwe za mshazari. Bamba lililokatwa wima na kuchomelewa kwa mstari mmoja kukata chesesi hukusanya nguvu zote mahali pamoja, na ufa mpya hutokea pembeni ya kiungo. Ndipo utamsikia mwenye gari akisema kwamba kiungo cha fundi hakikuachia. Ni kweli hakikuachia. Kilichoachia ni chuma kilicho jirani yake, kilichodhoofishwa na moto.

Tatu, chuma si kimoja. Pikapu na malori mengi yana chesesi iliyo mbali na bodi, na mara nyingi yaweza kuungwa na fundi mwenye ujuzi. Lakini magari mengi madogo hayana chesesi ya namna hiyo, kwa kuwa bodi yenyewe ndiyo uti wa mgongo. Katika magari ya siku hizi, baadhi ya nguzo za bodi hiyo ni za chuma kilichopashwa moto wa nyuzi 900 hivi kikapozwa ghafla ndani ya kalibu ili kipate ugumu. Moto wa uani hukiondolea ugumu huo, na macho hayaoni tofauti yoyote. Sehemu kama hiyo hubadilishwa kwa namna aliyoagiza mtengenezaji wa gari, haichomelewi kwa kubahatisha.

Wala tusiyasahau maisha ya fundi mwenyewe. Twaona vijana wakichomelea kwa miwani ya jua, gari likiwa limesimama juu ya jeki peke yake, na tangi la petroli likiwa hapo hapo. Watu hudhani kwamba tangi tupu halina hatari, kumbe mvuke uliobaki ndani yake hulipuka upesi kuliko petroli iliyojaa. Betri isipofunguliwa, umeme wa mashine huweza kuunguza vyombo vya gari. Na moshi wa chuma kilichopakwa zinki humletea fundi homa ambayo huidhania malaria.

Kwa hiyo twatoa shauri. Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994, na Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo, lililoanzishwa mwaka 1973, zimekwisha kufanya kazi kubwa. Lakini fundi aliyejifunza kwa kumtazama bwana wake hawezi kuyafunga maisha yake miezi mingi akakae darasani. Mafunzo na yamfuate huko huko aliko, ajaribiwe kwa kiungo alichokifanya kwa mikono yake, na akifaulu apewe cheti. Kila wilaya iwe na mahali pamoja penye vyombo vya kupimia chesesi, ambapo fundi yeyote aweza kuvitumia kwa ada ndogo.

Wakaguzi nao hawawezi kuona kilicho chini ya rangi. Twashauri iwe ni lazima chesesi iliyoungwa ikaguliwe kabla haijapakwa rangi, na kazi hiyo iandikwe katika kumbukumbu za gari, pamoja na jina la fundi aliyeifanya. Fundi mwema hataogopa jina lake kuandikwa. Ama daladala na mabasi ya watoto wa shule, hayo yasiungwe chesesi uani kabisa.

Neno letu la mwisho ni kwa wenye magari. Mtu akiamua kuhatarisha maisha yake mwenyewe, huenda akasema ni hiari yake. Lakini abiria aliyelipa nauli hakuulizwa. Mama aliyesimama kando ya barabara na mtoto mgongoni hakuulizwa. Wala hakuulizwa yule atakayelinunua gari hilo mwakani, akaambiwa kwamba halijapata kugongwa. Anayeuza gari lililoungwa bila kusema ameuza pamoja na gari hatari ambayo mnunuzi haijui. Twawaomba wananchi wauzibe ufa huo, lakini wauzibe mchana, kwa kipimo, na mbele ya macho ya watu.